Kichangamshi kinapoingia kitandani: kokeni, methamfetamini na uchaguzi wa tiba

Anayetafuta tiba ya uraibu wa kokeni au methamfetamini huulizwa mengi siku ya kwanza: anatumia kiasi gani, alianza lini, analala saa ngapi, anaishi na nani. Swali ambalo mara nyingi halitamkwi ni kama dawa hiyo huitumia wakati wa ngono, na kama bado anaweza kufanya tendo la ndoa bila kuitumia. Kwa watu wengi jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama tiba itashika au itaporomoka mwezi wa pili, kwa kuwa vichangamshi hujifunga kwenye ngono kwa namna ambayo heroini na dawa nyingine za jamii ya afyuni hazijifungi. Hizo, kwa kawaida, huizima hamu. Makala haya yanaziweka kokeni na methamfetamini upande kwa upande, yakieleza zinavyofanya kazi ubongoni na chumbani, kisha yanazilinganisha njia za tiba kwa ajili ya mtu ambaye dawa na ngono vimekwisha kuwa kitu kimoja kwake, na kwa ajili ya mwenzake pia.

Pampu moja, njia mbili

Dawa zote mbili huanzia mahali pamoja. Ndani kabisa ya ubongo kuna eneo liitwalo akumbensi, ambalo hupokea dopamini mtu anapopata, au anapotarajia kupata, kitu chenye manufaa kwa uhai: chakula, maji, mguso wa mpenzi. Seli ya neva huimwaga dopamini kwenye ufa mwembamba ulio kati yake na seli jirani, ujumbe ukafika, kisha pampu ndogo zilizo kwenye utando wa seli zikairudisha ndani. Kokeni huziba pampu hizo, hivyo dopamini ikishamwagwa hukosa pa kurudi na kurundikana. Picha za ubongo zilizochapishwa mwaka 1997 na kundi la mtafiti Nora Volkow zilionyesha kwamba dozi za kokeni ambazo watumiaji wamezizoea huziba kati ya asilimia 60 na 77 ya pampu, na kwamba ilipasa angalau asilimia 47 zizibwe ndipo mtu ahisi stimu. Methamfetamini haiishii kuziba. Hupenya ndani ya seli kwa kupitia pampu zilezile, huvimwaga vifuko vinavyohifadhi dopamini, kisha huzigeuza pampu zisukume kutoka ndani kwenda nje, hata pale ambapo seli haikuwa na ujumbe wowote wa kutuma.

Kwa panya wa maabara, kujamiiana hupandisha dopamini ya akumbensi hadi takriban mara 2 ya kiwango cha kawaida, ilhali amfetamini, ambayo ni ndugu wa karibu wa methamfetamini, imewahi kuipandisha hadi karibu mara 10. Vipimo vya panya haviwezi kuhamishiwa kwa binadamu hivi hivi, lakini vinasaidia kueleza kwa nini mtu aliyechanganya dawa na ngono kwa muda husema kwamba tendo bila dawa limekuwa kama chakula kisicho na chumvi. Hakuna mwenza anayeweza kushindana na kiwango hicho, na ni dhuluma kwa mwenza kudhani kwamba kasoro imo katika mwili wake au katika mapenzi yake.

Sambamba na dopamini, dawa zote mbili hupandisha noradrenalini, kemikali ya tahadhari na mbio. Moyo hupiga kasi, shinikizo la damu hupanda, mishipa midogo hubana. Hapa ndipo penye mgongano unaowashangaza watumiaji wengi wanaume: hamu iko juu sana, lakini damu inayohitajika ili uume usimame haiji ya kutosha, au ukisimama haufiki kileleni kwa saa nyingi. Wengi hujitibu kwa sildenafili, dawa ya kusaidia uume usimame. Moyo ambao tayari unaendeshwa na kichangamshi hubebeshwa mzigo wa pili, na ikiwa mtu huyo huyo atavuta pia naitraiti, vile vimiminika vya kunusa vinavyotumika katika karamu, shinikizo la damu linaweza kuanguka ghafla kiasi cha kuua. Kati ya mambo yote yaliyomo humu, hilo la kuchanganya sildenafili na naitraiti ndilo ambalo ningependa mtu alikumbuke hata akisahau mengine yote.

Saa moja dhidi ya usiku mzima

Tofauti kubwa kati ya dawa hizi mbili ni muda. Mwili hupunguza kokeni iliyo kwenye damu hadi nusu kwa takriban saa 1. Methamfetamini huchukua kama saa 10 hadi 12. Stimu ya kokeni iliyonuswa hudumu dakika 15 hadi 30, na ile iliyovutwa kama moshi hudumu dakika 5 hadi 10 tu. Kwa sababu hiyo tendo la mtumiaji wa kokeni hukatwakatwa: ananyanyuka, anaenda mezani, anarudi, na kadiri usiku unavyosonga ndivyo safari za mezani zinavyozidi na mwenzake anavyosahaulika. Wapo wanaokiri kwamba walianza kwa kutafuta ngono bora na wakaishia kukaa peke yao na unga, mwenzao akiwa amelala.

Methamfetamini hukaa. Tendo linaweza kuendelea kwa saa nyingi, wakati mwingine kwa usiku na mchana, na wenza zaidi ya mmoja, huku njaa, kiu, usingizi na maumivu vikiwa vimezimwa. Mdomo na utando wa sehemu za siri hukauka, michubuko hutokea bila kuhisiwa, kondomu hupasuka au husahaulika. Kupitia michubuko hiyo VVU, kaswende na homa ya ini aina ya C hupata njia iliyo wazi kuliko kawaida, na palipo na sindano za kuchangia hatari ya homa ya ini na VVU huwa kubwa zaidi. Yeyote anayeijua hali hii ndani ya maisha yake ana haki ya kupewa dawa kinga dhidi ya VVU, ambayo Shirika la Afya Duniani limeipendekeza tangu 2015 kwa watu wote walio katika hatari kubwa, na hapaswi kungoja mpaka aache dawa za kulevya ndipo aiombe.

Ipo tofauti nyingine ambayo wahudumu huisahau, nayo ni ya jinsia. Utafiti wa Richard Rawson na wenzake, uliochapishwa mwaka 2002, uliwauliza watu waliokuwa kwenye tiba jinsi dawa yao ilivyohusiana na fikra na matendo yao ya ngono. Watumiaji wa methamfetamini, wanawake kwa wanaume, waliueleza uhusiano wenye nguvu. Kwa kokeni wanaume waliueleza zaidi kuliko wanawake. Kwa hiyo mwanamke anayetumia methamfetamini asipoulizwa habari za ngono kwa sababu tu ni mwanamke, ananyimwa sehemu ya tiba yake.

Niseme pia, kwa ajili ya wale watakaoingiwa na hofu, kwamba mtu anayemeza methilifenideti au dawa ya jamii ya amfetamini kwa maelekezo ya daktari, kwa tatizo la umakini, hayuko katika hali ninayoieleza. Dozi ni ndogo, huingia polepole kwa njia ya tumbo, na kasi ya kupanda kwa dopamini ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya uraibu.

Kumbukumbu iliyo mwilini

Ijumaa jioni simu inalia mara moja, ujumbe wa mtu fulani. Mwenye simu hajausoma bado. Viganja vimeanza kutoa jasho, tumbo limekaza, mdomo umekauka kama vile dawa imekwisha kuingia, na hamu ya ngono imepanda pamoja na hamu ya dawa kiasi kwamba hawezi kusema ipi ilitangulia. Amekaa wiki 6 bila kutumia. Watu wengi walioketi mbele yangu wameisimulia dakika hiyo kwa maneno yanayokaribiana sana, na karibu wote walidhani ni udhaifu wao binafsi.

Utafiti unaipa dakika hiyo sura nyingine. Mwaka 2008 kundi la Anna Rose Childress liliwaonyesha wanaume 22 wenye uraibu wa kokeni picha za dawa na picha za ngono kwa milisekunde 33 tu, muda mfupi mno kwa mtu kutambua alichokiona. Maeneo ya ndani ya ubongo yanayohusika na hisia na malipo yaliwaka kwa picha za dawa na kwa picha za ngono pia. Miaka 8 kabla ya hapo, Hugh Garavan na wenzake walikuwa wamewaonyesha watumiaji wa kokeni filamu za dawa, za ngono na za mandhari ya asili, wakaona kwamba filamu za dawa ziliamsha maeneo yanayofanana na yale yanayoamshwa na ngono, huku filamu za ngono zenyewe zikiwaamsha watumiaji kidogo kuliko watu wasiotumia. Dawa ilikuwa imekodi chumba cha ngono, na mwenye nyumba amebaki kibarazani.

Kwa methamfetamini, kazi za maabara ya Lique Coolen zinaenda mbali zaidi. Kwa panya madume, dawa hiyo huamsha baadhi ya seli zilezile ambazo huamshwa na kujamiiana. Panya waliofanywa waugue mara kwa mara baada ya kujamiiana walijifunza kujizuia. Wale waliokuwa wamepewa methamfetamini kwa siku kadhaa kabla ya funzo hilo waliendelea, madhara yakiwepo. Na panya waliojipatia dawa mara tu kabla ya kujamiiana walikuja kuitafuta dawa kwa nguvu zaidi kuliko wale waliopata mambo hayo mawili kwa nyakati tofauti. Naamini matokeo hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito mkubwa kwa anayechagua tiba, kwa maana yanadokeza kwamba kuchanganya ni hatari iliyo peke yake, mbali na hatari ya dawa.

Kuhusu kupona, picha za Volkow za mwaka 2001 zilionyesha pampu za dopamini zikiwa pungufu kwa waliotumia methamfetamini, na watu 5 waliopigwa picha tena baada ya mwaka mmoja na zaidi bila dawa walionekana pampu zao zimeongezeka. Majaribio yao ya kumbukumbu na wepesi wa mwili hayakuwa yamepona kwa kiwango hicho. Mgonjwa anayelalamika kwamba miezi mitatu imepita na bado hahisi chochote kitandani anapaswa kuelezwa hivi wazi, kwa sababu wengi hurudia dawa katika kipindi hicho wakiamini kwamba mwili wao umekufa.

Njia za tiba, zikiwekwa pamoja

Hakuna dawa ya hospitali iliyoidhinishwa na mamlaka ya dawa ya Marekani mahususi kwa uraibu wa kokeni au methamfetamini. Kinachobaki ni tiba za tabia, na dawa chache zinazotumika nje ya matumizi yake yaliyoidhinishwa.

Tiba ya tuzo ndiyo yenye ushahidi mzito kuliko zote, kwa dawa zote mbili. Mgonjwa hutoa mkojo mara mbili au tatu kwa wiki. Ukiwa safi, yaani hauna dawa, hupewa kitu papo hapo. Katika namna moja aliyoibuni Nancy Petry, anatia mkono kwenye bakuli lenye vikaratasi 500: nusu vimeandikwa maneno ya pongezi tu, vingi vya vilivyobaki vina zawadi ndogo, na kimoja kina zawadi kubwa. Kila wiki safi inamwongezea idadi ya vikaratasi anavyochota, na mkojo mchafu unamrudisha mwanzo. Wapo wanaoidharau wakisema ni kumhonga mtu mzima. Mimi naiona kama jibu la moja kwa moja kwa ubongo niliouelezea hapo juu, ambao umezoea malipo ya haraka na hauwezi bado kusubiri malipo ya mwakani. Katika utafiti wa Stephen Higgins wa 1994, asilimia 75 ya waliopewa vocha kwa kuacha kokeni walikamilisha wiki 24 za tiba, dhidi ya asilimia 40 ya waliopata tiba ileile bila vocha. Uchambuzi wa mwaka 2018 uliokusanya tafiti 50 za tiba zisizo za vidonge uliiweka tiba ya tuzo, ikiunganishwa na kazi ya kuyajenga upya maisha ya mgonjwa katika jamii yake, juu ya nyingine zote. Upungufu wake ni kwamba inaupima mkojo. Haimuulizi mtu alilala na nani wala kwa nini. Zaidi ya hayo, nguvu yake hupungua tuzo zinapokoma.

Tiba ya utambuzi na tabia, yaani mazungumzo ya kuchambua fikra na mazoea yanayompeleka mtu kwenye dawa, huenda kinyume chake. Ni polepole zaidi katika kuusafisha mkojo, lakini ndiyo yenye nafasi ya kuichambua ile Ijumaa jioni kipande kwa kipande: ujumbe, jasho, wazo la «mara hii moja», njia ya kwenda, mlango. Ulinganisho mzuri kuliko yote ninayoijua ulichapishwa na Steven Shoptaw na wenzake mwaka 2005, kwa wanaume 162 wa Los Angeles wanaofanya mapenzi na wanaume na wenye uraibu wa methamfetamini, waliogawanywa kwa kura kwenye njia nne kwa wiki 16: tiba ya utambuzi na tabia ya kawaida, tiba ya tuzo, mchanganyiko wa hizo mbili, na tiba ya utambuzi na tabia iliyoandikwa upya ili izungumzie ngono na maisha yao halisi. Tuzo, peke yake au katika mchanganyiko, iliwaweka watu kwenye tiba kwa muda mrefu zaidi na iliwapa vipindi virefu zaidi vya mkojo safi kuliko tiba ya kawaida ya mazungumzo. Lakini katika wiki 4 za mwanzo, ile iliyozungumzia ngono waziwazi ndiyo iliyopunguza haraka zaidi ngono isiyo salama.

Nikiusoma ulinganisho huo kwa ajili ya mtu mmoja aliye mbele yangu, naamua hivi. Anayetumia kila siku na ambaye hajawahi kukaa wiki bila dawa aanze na tuzo, kwa sababu mazungumzo marefu na mtu asiyelala hayakai kichwani. Anayetumia mwisho wa wiki tu, na daima kwa ajili ya ngono, aanze na mazungumzo yanayotaja ngono kwa jina lake, tuzo ikiongezwa ikipatikana. Kama mji mzima una kituo kimoja, na kituo hicho kina tuzo lakini mhudumu wake hainui macho anaposikia neno ngono, bado ningemwambia mtu aende, kisha atafute mshauri nasaha wa pembeni kwa ajili ya sehemu iliyobaki.

Dawa za hospitali zinakuja nafasi ya tatu, na kwa methamfetamini tu. Mitazapini, ambayo ni dawa ya sonona, ilijaribiwa San Francisco kwa wanaume 60 wanaofanya mapenzi na wanaume. Matokeo ya 2011 yalionyesha mkojo wenye methamfetamini ukishuka kutoka asilimia 73 hadi 44 kwa waliopewa dawa, na kutoka 67 hadi 63 tu kwa waliopewa kidonge bandia, huku ngono hatarishi ikipungua pia. Utafiti wa pili, wa watu 120, uliochapishwa miaka iliyofuata, ulielekea upande uleule. Usingizi mzito na kuongezeka uzito ni bei yake, ingawa kwa mtu aliyekosa usingizi kwa miezi usingizi huo unaweza kuwa faida. Njia ya pili ni sindano ya naltreksoni, dawa inayozuia nguvu ya afyuni, pamoja na vidonge vya bupropioni, ambayo nayo ni dawa ya sonona: katika utafiti wa watu 403 uliotolewa Januari 2021, walioitikia tiba walikuwa asilimia 13.6, dhidi ya 2.5 kwa dawa bandia. Ni tofauti ya kweli, na ni ndogo. Anayeahidiwa zaidi ya hapo anadanganywa. Naltreksoni haifai kwa anayetumia dawa za jamii ya afyuni kwa kuwa humtumbukiza kwenye arosto kali, na bupropioni haifai kwa mwenye historia ya kifafa. Kwa ajili ya mada yetu bupropioni ina sifa moja ya ziada, kwamba huathiri hamu ya ngono kidogo kuliko dawa za sonona za kundi la sertralini. Sertralini yenyewe, ilipojaribiwa kwa uraibu wa methamfetamini, haikusaidia.

Watu huuliza pia kama waache ngono kabisa wakati wa tiba. Kwa wiki chache za mwanzo, usingizi na chakula vikiwa bado havijarejea, mapumziko yana maana, hasa kwa wale wa methamfetamini ambao kila picha ya tendo waliyonayo kichwani ina dawa ndani yake. Kuyageuza mapumziko hayo kuwa sharti la miezi mingi naliona kosa, kwa kuwa ubongo uliojifunza kwa kurudia hujifunza upya kwa kurudia pia: chumba kingine, saa nyingine, taa ikiwa imewashwa, mtu anayejua historia yote, na ruhusa ya kusimama katikati bila aibu. Mara ya kwanza mara nyingi huwa baridi, na wenza wakielezwa mapema kwamba itakuwa hivyo hawaichukui kama hukumu.

Kabla ya kujiandikisha kwenye kituo chochote, inafaa kumuuliza mhudumu kama ngono ni sehemu ya mazungumzo yao, kama vipimo vya VVU, kaswende na homa ya ini vinapatikana hapo hapo, na nini hutokea mgonjwa anapoteleza. Kwa hili la mwisho jibu linapaswa kuwa na saa ndani yake: kama usiku wa kuteleza ulikuwa na ngono isiyo na kinga, dawa za kuzuia VVU baada ya tukio huanzwa ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na humezwa kwa siku 28.